Bei ya Kubaki Nyumbani

Warsha ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja Mombasa, mwaka 2016. Feni mbili, chupa ya maji mbele ya kila mtu, daftari na kalamu yenye nembo ya wafadhili. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye shati la kitenge na ulimi mwepesi. Alichora ubaoni maduara matatu yaliyounganishwa kwa mishale: umaskini, ukosefu wa kazi, itikadi kali. Akauliza kama tumeelewana. Tuliitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la tatu, maana pilau ilikuwa imeshaanza kunukia.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, hamali wa soko la Kongowea. Nadhani mwenyekiti wa mtaa alimchukua ili orodha itimie. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu," alisema, "mimi navuta mkokoteni tangu Mzee Kenyatta yu hai. Kama umaskini ndio unaozaa hayo, mimi leo ningekuwa jemadari."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwezeshaji naye alicheka, akasema hilo ni swali zuri na atalirudia. Hakulirudia. Mimi nimekuwa nikilirudia tangu siku hiyo, na haya ninayoyaandika ni sehemu ya jibu ambalo ningependa mzee yule alisikie, kama angekuwa na subira ya kukaa chini tena na watu wa madaftari.

Kwanza niseme nilikotoka. Mpaka Mei 2014 nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Naishi Likoni. Mwezi ule serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa safari ya lazima: kisiwa chenyewe, na ukanda wa pwani kutoka Mtwapa upande wa kaskazini hadi Tiwi upande wa kusini. Diani haikuwamo. Uwanja wa ndege wa Moi nao haukuwamo. Tulilisoma onyo hilo jikoni, mpishi mkuu akitutafsiria kwa sauti, tukamshukuru Mungu. Siku mbili hazikupita, ndege za kukodi zikaja kuwachukua wageni kwa mamia kabla likizo zao hazijaisha, na safari za baadaye zikafutwa. Mwezi uliofuata yakatokea ya Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa katika mji ule na vijiji vya jirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asipokuja, meneja anakuita ofisini. Tulipewa likizo bila malipo, tukaambiwa tutaitwa. Mpaka leo sijaitwa.

Tulikuwa zaidi ya watu 100. Kwa hesabu ya pale ubaoni, hoteli yetu peke yake ilitosha kutoa kikosi. Nimewafuatilia wenzangu mmoja mmoja, kwa simu na kwa kukutana misibani. Wengi waliingia boda boda. Wawili wako Qatar. Mama wa chumba cha nguo anauza mahamri na mbaazi pale pale kituo cha matatu alipokuwa akishukia kwenda kazini. Mmoja alirudi Kinango kufuga mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyevuka kwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab, kwa ninavyojua. Na kijana wa mtaani kwetu aliyepotea mwaka ule, ambaye mamake alikuja kusikia habari zake baada ya miezi, alikuwa na kazi. Aliuza simu katika duka la ami yake. Alivaa vizuri kuliko sisi sote.

Kazi ilipokwisha nilirudi darasani, masomo ya jioni, uchumi. Huko ndiko nilikokutana na watu walioligeuza swali la hamali kuwa takwimu.

Mwaka 2003, mchumi Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton na mwanahistoria Jitka Malečková walichapisha utafiti uliowaudhi wengi. Waliwatazama wapiganaji 129 wa Hizbullah waliokufa vitani, wakawalinganisha na Walebanoni wa rika lao. Wapiganaji waliotoka familia maskini walikuwa asilimia 28. Katika jamii kwa jumla maskini walikuwa asilimia 33. Waliofika sekondari au zaidi walikuwa asilimia 47 miongoni mwa wapiganaji, na 38 miongoni mwa wananchi. Yaani waliokufa walikuwa na hali nzuri kidogo na kisomo zaidi kidogo. Hayo yalisemwa wakati viongozi wa dunia walikuwa wakirudia kila jukwaani kwamba dawa ya ugaidi ni kuondoa umaskini.

Sisi hatukuhitaji kwenda Lebanoni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wale wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa huko Mandera. Baba alikuwa ameshaiarifu serikali kwamba mwanawe hajulikani alipo. Nilipoisoma habari ile nilikuwa katikati ya muhula, nikafikiria ada za sheria pale Nairobi ni kiasi gani. Kuna wazazi Likoni wangeuza shamba ili mtoto wao afike alipofika yule kijana.

Kwa hiyo hamali alikuwa sahihi, habari imekwisha? Nilidhani hivyo kwa karibu mwaka mzima, na nilikuwa nikiwachosha watu kwa kuwatajia zile asilimia za Hizbullah. Kisha nikakumbuka siku tulipoajiri wahudumu.

Hoteli ilitangaza nafasi sita. Asubuhi yake foleni ilitoka langoni ikazunguka ukuta mpaka barabarani. Walikuwapo waliosoma mpaka darasa la nane, walikuwapo wa kidato cha nne, walikuwapo wenye cheti cha Utalii. Meneja alichukua sita wenye Kiingereza safi na Kijerumani cha kuombea maji. Sasa, mtu akija kuwahoji wale sita, atagundua kwamba wahudumu wa hoteli ni watu waliosoma. Atakuwa sahihi. Akihitimisha kwamba shida za Kwale, kaunti ilipo Diani, hazihusiani na ile foleni, atakuwa amepotea njia, kwa sababu amewahoji walioajiriwa na hakuwaona walioachwa ukutani.

Hilo ndilo alilolieleza mwanasayansi wa siasa Ethan Bueno de Mesquita mwaka 2005, kwa hesabu zake ndefu ambazo mimi nilizipita mbio. Kundi la kigaidi nalo lina meneja. Shambulio la mbali, lenye pasipoti, lugha, kukodi nyumba bila jirani kushtuka, linataka mtu mwenye kichwa. Uchumi ukiwa mbaya foleni inarefuka, na katika foleni ndefu meneja anapata wahitimu ambao mwaka wa neema wangekuwa wameajiriwa benki. Umaskini unaweza kuwa unafanya kazi yake pale pale, na bado usionekane usoni pa aliyechaguliwa.

Tena kundi halina kazi ya aina moja. Lina mafundi na lina vibarua. Mhitimu wa sheria ni fundi. Lakini anayekesha kwenye kizuizi cha barabara kule bonde la Jubba, Somalia, anayechimba handaki, anayebeba risasi, huyo ni kibarua, na kibarua anaangalia ujira. Mwaka 2023 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa matokeo ya mahojiano ya watu karibu 2,200 katika nchi 8 za Afrika, Somalia ikiwamo. Kati ya waliojiunga kwa hiari, robo walitaja kazi kuwa sababu yao ya kwanza. Dini ilitajwa na asilimia 17. Na ukiuacha ugaidi ukatazama vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo huendeshwa na vibarua kwa maelfu, picha inazidi kuwa wazi: Edward Miguel na wenzake walichukua nchi 41 za Afrika kuanzia 1981 hadi 1999, wakafuata mvua. Mvua ikikosekana na uchumi ukashuka kwa pointi 5 za asilimia, uwezekano wa mapigano mwaka unaofuata uliongezeka kwa nusu.

Krueger na UNDP hawabishani, basi. Mmoja alimtazama fundi, mwingine alizungumza na vibarua. Ubaoni kwa mwezeshaji wote walikuwa duara moja.

Kibarua analipwa. Nani anamlipa, na kwa fedha zipi? Hapa ndipo uchumi unaponoga, na hapa ndipo nisipopenda kujikumbuka.

Nimewahi kukaa na dereva mmoja wa lori pale Garissa, mtu aliyebeba mizigo miaka mingi upande wa pili wa mpaka. Nilimuuliza anaogopa vizuizi vya nani zaidi. Alinitazama kama mtoto.

"Kaka, wale wa msituni unalipa mara moja. Wanaangalia mzigo, wanaandika, wanakupa risiti. Kizuizi cha mbele unaonyesha karatasi, unapita. Kwa hawa wengine kila kizuizi ni Bismillahi upya."

Watafiti waliowahoji madereva na wafanyabiashara wa Somalia wameandika hayo hayo mara nyingi. Al-Shabaab wanatoza mzigo barabarani, wanatoza makontena yanayoshushwa bandari ya Mogadishu ambako wao hawapo, wanachukua zaka ya ngamia na mbuzi, wanawatoza wakulima wa kando ya mto Shabelle. Wana daftari. Wizara ya Fedha ya Marekani ilisema mwaka 2022 kwamba kundi linakusanya takriban dola milioni 100 kwa mwaka. Wana mahakama pia. Watu wa Mogadishu wenye ugomvi wa kiwanja husafiri kwenda kuhukumiwa huko, kwa sababu hukumu inatoka haraka na aliyeshindwa anahama kweli. Mimi siwasifu. Nasema tu kwamba anayedhani anapigana na genge la vichaa, wakati mbele yake kuna idara ya kodi yenye bunduki, atashangaa kila mwaka kwa nini haliishiwi.

Tena makaa. Februari 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2036 la kupiga marufuku makaa ya Somalia, kwa sababu miti ya migunga ilikuwa ikikatwa, ikichomwa na kupakiwa majahazi kwenda Ghuba, ambako huchomea nyama na kuwashia shisha, huku Al-Shabaab wakitoza kila gunia. Mwaka ule ule jeshi la Kenya na wanamgambo wa Ras Kamboni waliwafukuza kutoka Kismayu, bandari kuu ya makaa. Ungetarajia biashara ife. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba makaa yaliendelea kutoka. Jeshi letu lilikanusha kuhusika. Lakini gunia lilikatwa msituni ambako kundi linatawala, likavuka vizuizi vyake, likafika bandarini ambako wengine wanatawala, na kila aliyeshika kamba alipata chake. Maadui waliopigana mchana walikuwa washirika katika gunia moja.

Na sukari ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Sukari ya magendo kutoka Kismayu iliingia Kenya ikipitia Garissa, ikafika mpaka Pwani. Nilikuwa karani wa stoo. Najua bei ya gunia lenye karatasi na najua bei ya gunia lisilo na karatasi. Kuna wakati mletaji alikuja na bei ambayo hakuna kiwanda cha Kenya kingeweza kuifikia, na mimi nilitia sahihi, nikasifiwa kwa kubana matumizi. Wageni wetu walikoroga chai kwa sukari ile. Siwezi kuthibitisha kwamba hata shilingi moja ilifika mkononi mwa mtu mwenye bunduki. Wala sikuuliza.

Turudi kwa kijana wa duka la simu, maana ndiye anayeninyima usingizi. Yeye hakuwa kibarua wa njaa. Wala hakuwa fundi wa kutafutwa na kundi kwa tochi.

Mtu aliyewafundisha wachumi kulitazama kosa kama bei ni Gary Becker, katika makala yake ya mwaka 1968. Baadaye alisimulia jinsi wazo lilivyomjia: alikuwa amechelewa kumtahini mwanafunzi, akawa hana budi kuamua, alipeleke gari kwenye maegesho ya kulipia au aliache barabarani pasiporuhusiwa na kubahatisha faini. Akapiga hesabu ya faini mara uwezekano wa kukamatwa, akaliacha barabarani. Hakukamatwa. (Angefanya hivyo Mombasa, gari lingefungwa minyororo kabla hajazima injini, na nadharia nzima isingezaliwa.) Aliongeza kwamba alipokuwa akienda kwenye mtihani aliwaza kuwa bila shaka na wenye mji nao wamepiga hesabu kama yake.

Watu husoma Becker wakakumbuka adhabu tu: ikaze, watu wataogopa. Lakini kiini cha hesabu ile ni pengo. Adhabu inamzuia mtu kwa sababu asiyefanya kosa yuko salama na aliyefanya hayuko. Ukilifuta pengo hilo, adhabu haizuii tena, hata uikaze vipi.

Sasa kumbuka mwaka 2014. Februari polisi waliuvamia msikiti wa Musa, Majengo, wakakamata zaidi ya watu 100, wakiwamo wavulana wadogo. Aprili, Nairobi, operesheni iliyoitwa Usalama Watch ilizoa watu kwa maelfu kutoka Eastleigh, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na kosa la wengi wao lilikuwa sura na jina. Wahubiri waliotuhumiwa walipigwa risasi barabarani bila kufikishwa hukumuni. Kule kwetu kijana mwenye kanzu na ndevu changa alisimamishwa mara mbili kati ya nyumbani na feri, na kila kusimamishwa kulikuwa na bei yake, ama ya mfukoni ama ya shavuni. Kijana wa simu alikamatwa Machi. Alikaa siku nne, akarudi hasemi na mtu. Ami yake alilipa, sijui kiasi gani. Baada ya wiki tatu akakamatwa tena.

Mtie kijana huyo katika hesabu ya Becker. Akiwa gaidi, atakamatwa, atapigwa, huenda akauawa. Akikaa dukani akauza simu, atakamatwa, atapigwa, huenda akauawa. Pengo limeliwa. Hakuna aliyepandisha ujira wa kwenda msituni. Kilichopanda ni bei ya kubaki nyumbani. Na mwenye kumshawishi hana haja ya maneno mengi, anangoja tu nje ya kituo cha polisi.

Huko si kukisia kwangu peke yangu. Katika utafiti wa kwanza wa UNDP, wa mwaka 2017, waliojiunga kwa hiari waliulizwa ni tukio gani hasa lililowasukuma hatua ya mwisho. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali: kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Umaskini ulikuwapo nyuma ya maisha yao, kama ulivyo nyuma ya maisha ya hamali. Mkono uliowasukuma ulikuwa na sare.

Hata mlango wa kurudi una bei. Baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha. Baadhi ya waliorudi Kwale waliuawa na watu wasiojulikana. Baadhi ya wazee wa nyumba kumi, waliodhaniwa wanapeleka habari, nao waliuawa. Yule mama wa kijana aliniuliza mwaka 2017 kama kuna namna mwanawe anaweza kurudi. Nilikuwa nimeshasoma vingi vya vitabu hivi. Nilimjibu, "Mama, mwache alipo."

Kuna utafiti mmoja nilitamani ningeuonyesha katika kila warsha, na hakuna aliyenipa nafasi. Eli Berman na wenzake walilinganisha ukosefu wa kazi na mashambulizi nchini Iraq, Afghanistan na Ufilipino, wakachapisha mwaka 2011. Walitarajia palipo na wasio na kazi wengi pawe na mashambulizi mengi. Walikuta kinyume chake: maeneo yenye ukosefu mkubwa wa kazi yalikuwa na mashambulizi machache dhidi ya serikali na majeshi rafiki zake. Moja ya maelezo waliyoyatoa ni kwamba mahali penye njaa, habari za siri zinanunulika kwa bei ndogo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye matatu, kwa uchungu. Sisi tulikuwa tukilipwa nauli kupambana na itikadi kali kwa kutafuta ajira za vijana, na huenda umaskini wetu ndio uliokuwa ukiwapa polisi wapasha habari wa bei rahisi. Ila mpasha habari wa bei rahisi hutaja jina lolote ilimradi alipwe. Nani alilitaja jina la kijana wa simu, na kwa shilingi ngapi?

Nilisema tulilipwa nauli, nisijifiche. Baada ya 2014 ile kazi ya warsha ndiyo iliyonilisha. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mikutano. Shirika dogo lililokuwa likipanda mikoko Tudor lilibadilisha bango likawa la kuzuia itikadi kali, na fedha zikaja. Mikoko haikuwahi kuleta fedha kama zile. Ikawa jambo la ajabu kwamba mitaa iliyopata warsha ni ile iliyotajwa kuwa na hatari, na wenyeviti wa mitaa wakajifunza kuitaja mitaa yao kuwa na hatari.

Kuhusu walinzi nitasema machache. Marekani waliweka mashine za kupekua chuma katika viwanja vya ndege mwanzoni mwa 1973. Walter Enders na Todd Sandler walipofuatilia, walikuta utekaji wa ndege umepungua kweli, na utekaji wa watu mahali pengine umeongezeka. Ukipandisha bei ya mlango mmoja, mteja anahamia mlango wa pili. Kwetu hesabu hiyo imeandikwa kwa majina ya mahali. 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 224. Balozi zikazungushiwa kuta. 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ambako miongoni mwa waliokufa walikuwa wacheza ngoma wa Kigiriama waliosimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Hoteli zikaweka vioo vya kuchungulia chini ya magari. Nasi Diani tulikuwa na chetu. 2013 duka la Westgate, watu 67. Maduka yakaweka walinzi. 2014 basi la Mandera, kisha machimbo ya mawe. 2015 bweni la wanafunzi. Leo ukiingia duka lolote kubwa la Mombasa mlinzi anakupitishia kile kifimbo, kinalia kwa sababu ya funguo, anakwambia "karibu". Kila ukuta ulimlinda aliyekuwa na fedha za kuujenga, na hatari ikateremka ngazi kuelekea kwa asiyekuwa nazo, mpaka ikafika kwa mvunja kokoto.

Pana mahali hesabu zinanishinda. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha. Walitaka Waislamu na Wakristo watengane, kama walivyofanya katika basi la mwaka uliotangulia walipoua watu 28. Abiria Waislamu walikataa. Kina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata hospitalini. Nimejaribu kuliandika jedwali la faida na hasara la watu wale dakika ile, mtu mwenye watoto nyumbani, bunduki usoni, na njia rahisi ya kusema tu mimi ni Mwislamu, naomba nipite. Kila safu inasema ondoka. Hawakuondoka. Mwalimu wangu wa jioni alisema wachumi wana neno la hilo, upendeleo wa kijamii, yaani kujali na hali ya wenzako, akaliandika ubaoni. Mimi sikulinakili.

Wiki iliyopita nilikwenda Diani kwa shughuli nyingine. Hoteli yetu bado imefungwa. Bwawa limejaa majani, mbega wanaruka juu ya paa la mapokezi kama wenye hisa. Nje ya lango nilimkuta mwenzangu wa zamani wa stoo, yeye na pikipiki yake, kivulini. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Aliniambia asubuhi kabla hajabeba abiria wa kwanza huwa anapita kwa askari wale wa njiapanda, anaacha hamsini, halafu anafanya kazi.

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu Jumatatu wanataka mia."

Nikamuuliza kama wanampa risiti. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akavaa kofia, maana abiria wake alikuwa ameshatoka dukani.